Sura na Sula

Lugha niliyoifanyia kazi ujana wangu wote haikuwa Kiswahili wala Kiingereza. Ilikuwa lugha ya kompyuta, lugha ya biashara, iliyobuniwa Ujerumani kwa ajili ya maghala, mishahara na ankara. Nilichoipendea ni kwamba kila sentensi yake ilimalizika kwa nukta, kama sentensi ya binadamu. Ukisahau nukta, mashine inakwambia waziwazi kwamba haikuelewi. Nimeishi na watu wengi ambao ningependa wawe hivyo.

Nikiikumbuka leo naikumbuka kama ndoto ya alasiri. Mvua inapiga mabati ya kiwanda cha unga, feni ya kompyuta inavuma chini ya meza, harufu ya mahindi yaliyosagwa imeingia mpaka kwenye chai, na nyuso za watu zinatokea na kutoweka upande wa kulia wa skrini. Kwa sababu ya nyuso hizo mama mmoja niliyempenda alikaribia kufukuzwa kazi. Na aliyeziweka pale ni mimi.

Kiwanda kilikuwa katika eneo la viwanda, Kampala, miaka ile ya mgao wa umeme, jenereta za mji mzima zikinguruma mchana kutwa. Waandishi wa programu tulikuwa wawili tu. Mimi ni binti wa polisi. Baba alitoka kaskazini akatulea katika kambi ya polisi ya Ntinda, na kambini kila mlango ulikuwa na lugha yake, hivyo Kiswahili ndicho kilichotupatanisha kwenye bomba la maji. Mwenzangu alikuwa Muganda, mtu nadhifu, mwenye kalamu nne mfukoni zilizopangwa kwa rangi. Kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani na wenye bunduki. Kila nilipofungua mdomo kukisema aliinuka kwenye kiti akanipigia saluti.

"Ndiyo, afande."

Alikuwa akinitania, lakini alikisema pia, maana madereva wetu walitoka Kenya na Kongo na hakuna lugha nyingine ambayo wangemwelewa. Alikisema kwa ulimi wa nyumbani kwao. Habari kwake ilikuwa habali, na safari ilikuwa safali.

Mwalimu aliyetufundisha lugha ile ya nukta alituonya tusivipe vitu vyetu majina ya ovyo. Tumieni Kiingereza, alisema, ili mtu yeyote duniani aweze kusoma kazi yenu. Tulikubali kwa mdomo. Alipopanda ndege tukaanza kuviita tunavyotaka, kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo kati yetu hakuna aliyemshinda mwenzake kwa kuzaliwa nayo. Hapo nilijidanganya. Mimi nilikuwa nimezaliwa nayo.

Kazi tuliyopewa ilikuwa skrini ya dirisha la wafanyakazi. Dereva au kibarua akifika dirishani, anataja namba yake. Mhudumu anaiandika, upande wa kushoto maelezo yake yanatokea, na upande wa kulia inatokea picha yake, ili mhudumu alinganishe picha na mtu kabla ya kumpa kibali cha kutoka na lori. Kile kisanduku cha picha hakikuwepo kabla ya mtu kufika. Programu ilikiunda palepale, ikatia picha ndani, na mtu akiondoka ilitakiwa kukiachilia. Kisanduku hicho nilikiita sura. Tuligawana kazi. Mimi niliandika sehemu ya kuunda, yeye akaandika sehemu ya kuachilia, kwa kuwa mimi hupenda kuanzisha mambo na yeye alipenda usafi.

Tulijaribu kwa picha zetu wenyewe na za walinzi. Kila kitu kilikwenda vizuri mno. Tukakabidhi.

Aliyekaa nyuma ya dirisha lile alikuwa Mama. Sote tulimwita hivyo, hata meneja. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi wa miaka mingi, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mnene mpole aliyevaa sweta ya mtumba ya soko la Owino yenye nembo ya shule asiyoijua, ya nchi asiyowahi kufika. Mshahara wake ulilisha nyumba nzima kule Kisugu. Aliajiriwa kwa sababu hakuna dereva aliyeweza kumdanganya kwa Kiswahili cha upande wowote wa mpaka. Watu walimpenda, wakamweleza mambo yao, na hilo ndilo lililomponza. Siri za watu zilikuwa zimevuja kiwandani, nani anapokea nini, nani anaumwa nini, na meneja akaweka sheria moja: hakuna kufungua faili la mtu ambaye hayupo dirishani. Lisemwalo lipo, walisema watu, na wakamtazama Mama.

Baada ya skrini yetu kuanza kazi, meneja, Mkenya mwenye mwendo wa kunyata, alipita nyuma ya kiti chake na kuona kibarua mzee amesimama dirishani huku kwenye skrini kuna uso wa kijana. Siku nyingine ikawa hivyo tena. Alimpa onyo la mwisho. Akikutwa mara nyingine na uso usio wa mtu aliye mbele yake, afungashe.

Mama alikuja ofisini kwetu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni akishika pindo la kitenge chake.

"Mwana wangu," aliniambia, "kile kioo chenu kiko na mambo. Minamuita mutu, jina yake inakuya, lakini sura ni ya ule wa mbele, ule mwenye alishaenda. Anakatala kutoka. Na sasa banasema miye minachungulia batu."

Nilikasirika. Nilikasirikia meneja, nikakasirikia programu, na zaidi nilikasirika kwa sababu nilijua Mama anasema kweli na sikujua kwa nini ni kweli. Nilikwenda kwa meneja bila kuketi nikamwambia kosa ni letu, na kwamba nitalitoa ifikapo Ijumaa. Akanitazama kama mtu anayepewa dawa ya kienyeji.

"Sawa," alisema. "Lakini ukiniambia imepona, iwe imepona. Hapo nikimkuta tena, usije kumtetea."

Nikaenda kukaa na Mama dirishani. Nazikumbuka saa zile kuliko siku nyingi kubwa za maisha yangu. Mvua ilikuwa ya kunyesha bila haraka. Malori yalisimama uani yamefunikwa maturubai, na watu walifika dirishani mmoja mmoja, wameloa, wakitaja namba zao kwa sauti ya chini kama waumini. Mama aliandika, nyuso zikaja. Mwenye picha, uso wake ulifunika ule uliotangulia na hakuna aliyegundua kitu. Lakini vibarua wengi hawakuwa na picha. Kwa hao programu haikuunda kisanduku kipya, na cha zamani kilibaki pale pale. Kibarua alirithi uso wa mtu aliyekwisha kuondoka, na ule uso ulimtazama Mama kwa utulivu, kama mgeni aliyesahau kuaga. Sisi tulijaribu kwa watu wenye picha tu. Ndiyo maana hatukuona.

Mama aliniuliza kuachilia ni nini, maana alinisikia nikilinong'ona neno hilo. Nikamweleza jinsi lilivyokuwa likinishangaza mimi mwenyewe. Katika lugha ile, jina la kitu na kitu chenyewe havikai mahali pamoja. Jina linakaa kwenye mashine kubwa iliyofungiwa katika chumba cha baridi. Kitu chenyewe, kile kinachoonekana, kiko hapa mezani kwa mtumiaji. Ukifuta jina peke yake, kitu hakina habari. Kinabaki kwenye skrini, nawe huna tena cha kukiitia. Ni kama kutupa ufunguo ukidhani umebomoa nyumba. Kwa hiyo lazima ufuate utaratibu: kwanza unakiita kwa jina, unakiachilia, kisha ndipo unafuta jina.

Alifikiri kidogo, mkono shavuni.

"Basi munamuita kwanza, kisha munamuacha aende."

"Ndiyo, Mama."

"Na kama ule mwenye kumuita hataki aende?"

"Programu haina kutaka, Mama."

Alicheka kwa pua, akamhudumia aliyefuata.

Usingizini siku zile niliona visanduku. Vilielea juu ya Kampala kama nguo zilizoanikwa, kila kimoja na uso ndani, na mimi chini nikiita majina ambayo hayakuwa yao. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Alhamisi nilimwomba mwenzangu anisomee sehemu yake kwa sauti, mstari kwa mstari, nami nisikilize nikiwa nimefumba macho. Wakati mwingine sikio hunasa kilichopita machoni.

"Kama sula haiko tupu," alisoma taratibu, "achiria sula. Nukta. Kisha futa sula. Nukta. Afande, mimi nasafisha kira kitu. Hakuna takataka hapa."

Kilikuwa safi kabisa. Kwanza kuuliza kama kisanduku kimejaa, kisha kukiachilia, mwisho kufuta jina. Hata mwalimu wetu angempa alama zote. Nilifumbua macho nikayasoma maandishi yake kwenye skrini, nayo yakaniambia vilevile. Nilitaka kuipiga meza.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba masikio yangu yalikuwa na adabu iliyopitiliza. Tangu utotoni, kambini na sokoni, Muganda akisema habali mimi nasikia habari. Akisema kula siku ya uchaguzi, najua anasema kura. Hakuna anayemsahihisha mwenzake, ni utovu wa heshima. Unamsikia anachokusudia, mnaendelea na safari. Nimeishi hivyo miaka yote hata macho yangu yakajifunza tabia ya masikio.

Mashine haina adabu hiyo. Nilipoiagiza initafutie kila mahali palipoandikwa neno sura, iliniletea mistari yangu tu. Mistari ya mwenzangu haikuwemo hata mmoja. Nilidhani mashine imechoka. Nikaagiza tena. Kisha nikasogeza uso karibu na skrini yake na kuzisoma herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ssebo," nilimwambia kwa adabu ya kwao, "hapa umeandika nini?"

"Sula."

"Na mimi kile kisanduku nimekiita nini?"

"Sula," alisema. "Si ndiyo hiyo hiyo?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Alipoandika sula kwa mara ya kwanza mashine ilimkatalia, ikamwambia haijui kitu chenye jina hilo. Naye, mtu wa usafi, alidhani nimesahau kukitangaza, akakitangaza yeye juu ya faili lake na kuendelea na kazi. Tangu hapo tulikuwa na visanduku viwili. Changu, sura, kilijaa nyuso na hakuna aliyekiachilia. Chake, sula, kilikuwa kitupu tangu kuzaliwa. Kila mtu alipoondoka dirishani programu ilikiuliza sula kama kimejaa, kikajibu hapana, ikapita kimyakimya. Haikuwa na sababu ya kulalamika.

Nilimwonyesha herufi hizo mbili. Alizitazama, akatoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Sula kwa Luganda ni nini?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Kulala," alisema. "Kama mgeni amekuja, usiku umeingia, unamwambia asule hapa."

Aligeuka kuitazama skrini tena.

"Banange," alisema polepole. "Na imelala kweri."

Tukacheka mpaka mpishi akachungulia kujua tumepata nini. Herufi moja, katika mistari michache. Tulizibadilisha, tukajaribu kwa watu wenye picha na wasio na picha, na Ijumaa asubuhi programu mpya ilikuwa dirishani kwa Mama. Meneja alikuja kuona. Kibarua asiye na picha alifika, na upande wa kulia ukawa mweupe, mtupu, msafi. Akaja mwingine, pia mtupu. Meneja alinipa mkono, na kwa mara ya kwanza nikaona ana meno.

"Imepona?" aliuliza.

"Imepona."

Nilitarajia Mama afurahi. Alinishukuru, akaniletea maandazi aliyoyafunga kwenye taulo, lakini shukrani yake ilikuwa na ubaridi fulani. Siku iliyofuata nilimuuliza kama kuna tatizo. Alisema hakuna, ila nyuso sasa zinaondoka mbio sana. Nilidhani anatania.

Haikupita wiki moja. Nilishuka saa ya chakula kumrudishia taulo lake. Uani kulikuwa kimya, mvua imekatika, na mwanga wa baada ya mvua umeingia ndani mpaka kwenye vumbi la unga lililokuwa likielea hewani. Dirishani hapakuwa na mtu. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na kwenye skrini yake, upande wa kulia, kulikuwa na uso.

Alikuwa kijana. Shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu, macho yake yanakaribia kucheka kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke. Nilikuwa nimewahi kumwona, siku zile za nyuso zilizokwama. Alikuwa mmoja wa waliokwama mara nyingi.

Nikajua kosa limerudi, na nimekwisha kumwambia meneja imepona. Niliinama juu ya bega la Mama kutazama upande wa kushoto, ili nijue ni kibarua gani aliyerithi uso huo. Upande wa kushoto palikuwa na namba ya kijana huyohuyo. Dereva. Faili limefungwa. Hakuwa amebaki kwa bahati mbaya. Ameitwa.

Sitaficha, nilimkasirikia. Niliweka jina langu mbele ya meneja kwa ajili yake, na kumbe yale waliyosema yalikuwa na ukweli ndani yake.

"Mama," nilisema, "umemfungua mwenyewe."

"Minamufungua kila siku," alijibu bila kugeuka. "Ni mutoto yangu."

Aliniambia kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia madereva vibali vyao viko tayari. Yeye ndiye aliyemwambia mwanawe kwamba kiwanda kinatafuta madereva. Hakumwambia mtu yeyote kwamba ni wake, kwa sababu kiwanda hakikuajiri ndugu wa watu wa ofisi ile. Kijana alikwenda na lori la unga upande wa Butembo, kule Kongo. Lori lilirudi na dereva mwingine. Yeye hakurudi, wala maiti yake, wala habari yake. Ofisi ilingoja, kisha ikafunga faili. Na nyumbani hawakuwa na picha. Waliondoka Bukavu na nguo walizovaa, na tangu hapo hawakuwahi kuwa na pesa ya mpiga picha pamoja na sababu ya kumwendea kwa wakati mmoja. Picha pekee ya mwanawe ilikuwa hii, iliyopigwa na kiwanda ili yeye alinganishe uso na mtu.

"Mbele mulikuwa bado kutengeneza," alisema, "nilikuwa namuita asubuhi, kisha anabakia. Bakija bale bahana picha, yeye anabakia. Alikuwa ananisindikiza kazi. Miye nilikuwa nafikiri ni Mungu. Kumbe ni kosa yenu."

Nilibaki nimeshika taulo. Niliona aibu kwa hasira yangu, na niliona huzuni ambayo sikujua niiweke wapi, maana kazi niliyoifanya ilikuwa nzuri, ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyomnyang'anya uso ule.

Hatukumsikia meneja. Tulimwona alipokwisha kusimama nyuma yetu, anatazama dirisha lisilo na mtu, kisha skrini, kisha mimi. Mama hakunyoosha mkono kufunga kitu. Alikunja mikono yake vizuri juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Huyu ni nani?" meneja aliuliza. "Si uliniambia hii kitu imepona?"

"Bado," nilisema.

"Bado vipi? Niliona na macho yangu."

"Kuna kimoja bado hakijaachiliwa," nilimwambia. "Kosa ni letu. Mama hana hatia."

Alinitazama usoni, akitafuta uongo. Kisha akafyonza, akasema watu wa kompyuta ni wale wale, na akaenda zake akinyata kando ya madimbwi ya uani.

Mama hakuniambia asante. Kibarua alikuwa amefika dirishani, mtu mzima, kofia mkononi, akataja namba yake. Mama alimtazama mwanawe kidogo zaidi, midomo yake ikasema jina bila sauti, kisha akaandika namba ya yule mzee na kubonyeza. Uso ule uliondoka papo hapo, maana programu ilikuwa nzima.